Kipande cha Nne cha Firigisi

Sogeeni karibu, wanangu, msiningoje nipaaze sauti, kwa maana sauti niliyobaki nayo naitumia kama mama atumiavyo mafuta ya chupa inayoisha. Muamba Louis, mzaliwa wangu wa kwanza, kaa upande wa mlango. Muteba Stany, weka simu hiyo chini. Wanaokutafuta watakupata kesho. Na wewe, Kapinga Stéphanie, epua sufuria, kuku amekwisha kufa na hatakimbia, njoo ukae hapa mbele na kaka zako, si pale nyuma na watoto. Nawaita kwa majina mazima kwa sababu maneno ya leo ni ya majina mazima. "Sta" na "Fani" ni majina ya barabarani. Mimi ninayesema ni Mushiya Tshiamala Barnabé, mwana wa Tshiamala aliyeletwa toka Kasai kufanya kazi ya shaba, na wa Kapinga, mwanamke aliyemfuata kwa treni na kuku mmoja kikapuni.

Namshukuru Mungu. Nimekula chumvi nyingi. Tshibola Ernestine, mama yenu, alinitangulia kwa amani, paa la nyumba halivuji, na Tata Kazadi, jirani yetu tuliyenuniana naye miaka kwa ajili ya ukuta, juzi kaniletea mihogo, tukacheka mpaka tukakohoa. Jambo moja tu lilikuwa linaninyima usingizi, nalo ni parseli hii: nyumba, kisima, jiko la mama yenu, mti wa avoka na bustani ya nyuma. Nataka iwe yenu ninyi watatu, sawa kwa sawa. Na sijui kama kitu cha namna hii kinaweza kugawanyika kwa watatu kweli.

Mmeniona siku hizi nikitembea uani na kamba, mkanong'onezana kwamba mzee ameanza kupotea. Sikupotea. Nilikuwa nagawa. Nikivuta kamba toka barabarani hadi nyuma, wa katikati anapata kisima na wa pembeni wanapata kiu. Nikivuta kwa upana, wa mbele anapata barabara na kufungua duka, na wa nyuma anaingia kwake kwa kuomba njia, kama mgeni. Nikayakumbuka masomo yangu. Pale shuleni, padri aliyetufundisha hesabu, mon père Odilon, aliandika kumi kugawa kwa tatu ubaoni: tatu, inabaki moja; shusha, tatu, inabaki moja. Tukajaza ubao wote. Nikamwuliza, "Mon père, itaisha wapi?" Akanijibu, "Mushiya, hata ubao ukifika Dilolo mpakani, moja itabaki." Nilimwona mzee yule kama mchoyo wa majibu. Leo namwelewa.

Tena huo ni ugawaji wa juu tu. Wa chini ataupima nani? Hapa Kolwezi ukuta unasimama juu ya ardhi, lakini mshipa wa madini hausomi ukuta. Mnajua yaliyompata Tata Kazadi mwenyewe. Aligawa parseli yake kwa wanawe wawili, haki bin haki, ukuta mzuri wa matofali katikati. Mdogo akachimba ndani ya chumba chake, akaufuata mshipa kama mbwa anayefuata harufu, mpaka siku moja mchana kaka yake aliyekuwa amelala upande wa pili akashuka na kitanda chake. Mungu ni mwema, walimtoa mzima, amekumbatia mto, anauliza, "Nani alifungua mulango wa chini?" Mtaa mzima tulicheka. Lakini ndugu wale hawasalimiani hadi leo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na kunguru wa kwetu wanakuja na gari, wanachukua jiwe, wanalipima, wanaondoka.

Muteba Stany, usiinamishe kichwa. Najua kwamba kunguru mmoja amekwisha kukuonyesha gari lake, na najua ulimwambia kwamba parseli ya baba yako itagawanywa kwa wawili. Jumapili iliyopita, nilipotaka firigisi ya kuku tuigawane, ulisema mbele ya wote, "Aa, tata! Mwanamuke hakulaka firigisi. Iko ya bababa." Hukukosea desturi. Firigisi ni ya baba wa nyumba. Baba yangu aliila, nami nimeila maisha yangu yote, na mama yenu alinipikia bila kuionja. Tena firigisi yenyewe ina minofu miwili, kama viganja viwili vilivyofumbwa. Hata Mungu, mtu angesema, aliiumba kwa wawili.

Ila nisikilize. Huyu dada yako nilimpa jina la mama yangu. Tangu siku anazaliwa namwita mama, na ninyi mmenisikia. Alipokuwa na homa nilisema, "Mama anaumwa." Alipoolewa Kasaji nilisema, "Mama amesafiri." Alipofiwa na mume wake, akarudi na watoto na mzigo mmoja juu ya baiskeli, nilimfungulia mlango nikasema, "Mama amerudi." Sasa nife, halafu mama yangu asimame nje ya uzio wangu akiomba maji? Jina si nguo kwamba utamvika mtu Jumapili na kumvua Jumatatu.

Basi, Kapinga Stéphanie, ilete hiyo firigisi. Hapa, kwenye sahani. Na kisu, kile chenye mpini wa waya. Muamba Louis, wewe ndiwe mkubwa: kata vipande vitatu vilivyo sawa. Kwa baba yangu akataye nyama huchukua wa mwisho, na kwa hiyo mkono wake hausinzii. Kata.

Mbona unaigeuza hivyo? Ndiyo, inateleza. Usinitazame mimi, tazama nyama.

Nani anacheka? Ah! Kweli, acheni acheke. Umetenganisha minofu miwili, halafu kila mmoja ukaukata kati. Muamba, hivyo ni vinne! Umesemaje? "Tata, ya tatu ilikuwa inakatala. Ya ine njo inakuwa sawa." Na hakika, viko sawa. Sikuwahi kuviona vipande vilivyo sawa hivi.

Kapinga Stéphanie, chukua wa kwanza. Chukua, mama, usifunike uso. Stany, chukua. Muamba, chukua.

Kimebaki kimoja.

Mnatazamana kama kuku kwenye punje moja... Rudia, Stany, sikio hili ni zito. "Ile ya ine njo ya tata."

Nipeni maji kidogo.

Basi nimepata. Nimezungusha kamba siku zote hizo, kumbe nilikuwa nalazimisha watatu. Sikilizeni, maana sitarudia. Parseli ikatwe sehemu nne. Ya nne ni uwanja wa katikati: kisima, jiko la mama yenu, mti wa avoka, na njia ya kwenda barabarani. Hiyo haina mwenyewe. Haiuzwi, haifungwi. Nilimwahidi Tshibola Ernestine kwamba mwenye njaa hatafukuzwa jikoni kwake, na ahadi hiyo ni deni ninalowaachia. Zile tatu Muamba atazipima kwa kamba, Kapinga achague wa kwanza, Stany wa pili, Muamba aliyepima achukue inayobaki. Na kila kilicho chini ya ardhi, chini ya nyumba zote tatu, ni cha sehemu ya nne. Kwa hiyo hakuna atakayekichimba, maana hakuna mwenyewe wa kumwomba ruhusa. Stany, kunguru wako mwambie hivyo. Mwambie kwa adabu, na umpe avoka.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kikapu ukavune. Hilo nililisikia kwa wazee nami nawaachia.

Msalabani andikeni Mushiya Tshiamala Barnabé, yote matatu, kwa mpangilio huo. Msiandike "Papa Barna". Nizikeni karibu na mama yenu, upande wake wa kushoto, ndiko nilikolala siku zote.

Leteni vichwa niwabariki... karibu zaidi. Maji haya ya glasi yanatosha, nachovya kidole. Muamba Louis, mkono wako uendelee kukata sawa. Muteba Stany, ulimi wako leo umenilisha. Kapinga Stéphanie, mama... usilie juu ya nyama, utaitia chumvi mara ya pili. Kuleni mkiwa watatu, na sahani isibaki bila kipande cha mtu ambaye hajafika.

Sasa nipeni changu. Kidogo kidogo... Meno hayapo, nitakimumunya tu.

Ni laini. Mama amepika vizuri.