Majogoo Wengi na Kuku wa Mama Mkwe

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyeumba kuku dume na jike, kisha akawafanya wafanane mpaka uwe umeshawazoea na kuwapa majina!

Nimekuja kushuhudia. Wengine wenu mmeponywa homa, wengine mali zenu zilikwama mpakani zikatoka. Mimi nimeokolewa kutoka kwa majogoo. Msicheke kwanza.

Mnaonijua mnajua nilisoma fasihi chuo kikuu, na kwamba naandika makala zenye wasomaji wachache, mimi nikiwa mmojawapo. Kuku ni wa mke wangu, Mama Atu. Alipoolewa akitoka milima ya Ileje, mama yake alimkabidhi tetea. Ndivyo walivyofanya kwao: binti anaondoka na uzao wa kuku wa mama yake. Mama huyo sasa ni marehemu. Kideri, tauni ya kuku, kilipita Ileje kikamaliza kuku wa kwao wote, kisha kikashuka kwetu Tunduma. Katika uzao ule akabaki tetea mmoja mwekundu mwenye kishungi. Mama Atu alimwita "wa Mama", basi.

Mimi nikataka kumfuta machozi. Nikaenda sokoni kununua vifaranga waliokwisha kuota manyoya. Muuzaji alikuwa kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. "Chagua mwenyewe, bakalamba," akaniambia, kwa heshima ambayo Wabemba humpa mtu mzima. Nikachagua waliosimama wima, wenye miguu minene, walionitazama usoni bila woga. Waliojibanza pembeni nikawaacha. Nani anunue kuku mwoga?

Ndugu zangu, wale waoga ndio waliokuwa matetea!

Sikujua. Nikawapa wangu majina ya wanawake wa Biblia. Debora ndiye aliyenifumbua macho, siku ya ibada ya nyumbani, mzee wa kanisa akiwa katikati ya sala. Aliwika. Mzee akafumbua jicho moja. Debora akarudia, safari hii kwa ufasaha zaidi. Jirani yangu Shabani, dereva wa malori kutoka Tanga, akapaza sauti ng'ambo ya ukuta:

"Jirani! Dada Debora amebalehe!"

Baada ya Debora akawika Rahabu. Baada ya Rahabu, Esta. Hakubaki mwanamke hata mmoja.

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Majogoo walipigana wao kwa wao, na wakichoka kupigana walimkimbiza wa Mama. Mmoja akishuka mgongoni, mwingine anapanda. Manyoya ya mgongo yakaisha, ikabaki ngozi tupu, kisha kidonda chini ya bawa. Akaacha kutaga. Akawa anajificha nyuma ya kuni, akiona mtama umemwagwa, anaogopa kutoka.

"Baba Atu," mke wangu akasema, "huyu akifa, sina tena kitu cha mama kinachopumua."

"Tuwachinje wote."

"Wote? Akipona atapata wapi vifaranga? Hapa mtaani kideri hakikubakiza jogoo."

"Basi tubakize mmoja."

"Yupi?"

Kwangu wote walikuwa vurugu moja yenye mikia mingi.

Niliomba, ndugu zangu. Niliombea kuku, tena kwa machozi. Sikusikia sauti. Nilichopewa ni hamu ya kutazama. Nikachukua kigoda nikaketi uani, na nikaanza kuona niliyokuwa nikiyapita kila siku. Wengi walimvamia tu. Mmoja, yule niliyemwita Rahabu, akipata punje aliita kwa sauti ndogo, akaiacha chini, akangoja. Akitaka kupanda, alishusha bawa moja akamzunguka tetea taratibu, na tetea akikataa, aliondoka. Nikaona na jingine: tetea akifungiwa ndani asionekane, majogoo walioumizana asubuhi walichakura pamoja kama ndugu!

Basi nikajenga banda la pili nyuma ya nyumba, mbali na macho ya tetea. Shabani akanipa turubai kuukuu la lori.

"Turubai hili limefika Lubumbashi," akasema akilifunga, "leo linasitiri majogoo wa mlokole."

"Sikukuu yenu ikifika, mmoja ni wako."

"Debora. Ana deni la usingizi wangu."

Wa Mama tukampumzisha peke yake mpaka kidonda kikafunga na manyoya yakarudi. Jogoo mmoja anatosha kuku kumi hivi, kumpa jogoo tetea mmoja ni kumtesa tetea huyo. Nikamtafutia wenzake, na safari hii, Mungu ni mwema, nilinunua wanaotaga tayari! Ndipo Rahabu akaingizwa.

Wa Mama akataga. Mama Atu akachagua mayai ya mviringo, kama alivyofundishwa na mama yake: yaliyochongoka hutoa majogoo. Nikauliza kama ni kweli.

"Utaona mwenyewe, si una kigoda?"

Yakaanguliwa. Sasa nilitaka kujua yupi ni binti. Simu ikaniambia nitazame manyoya ya mabawa, kumbe hiyo ni kwa kuku waliozalishwa maalumu, wetu wa kienyeji hawajapata taarifa. Nikajaribu kumgeuza kifaranga nimchungulie chini. Mama Atu akaninyang'anya. "Utamkamua roho!" Kazi hiyo ina watu waliofunzwa, mikono yangu ni ya kalamu.

Nikarudi kwenye kutazama. Wiki zikapita. Upanga wa kichwani ukawa mnene na mwekundu kwa mmoja, kisha kwa mwingine, miguu ikajaa. Yai la mviringo halikuzuia kitu. Kila asubuhi Mama Atu aliuliza, "Na leo?" Na kila jogoo niliyemtaja, alifunga khanga yake akaenda jikoni.

Alibaki mmoja mwenye kishungi, upanga wake mdogo, wa rangi ya njano iliyofifia. Sikuthubutu kusema. Nilingoja manyoya ya kiunoni, karibu na mkia. Kwa ndugu zake majogoo yalitoka membamba, yamechongoka, yanang'aa. Kwake yalitoka mafupi, ncha zake za duara, kama ya wa Mama.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenijibu kwa kunipa macho. Nawe uliyezungukwa na vurugu usiyoijua kichwa wala miguu, mwamini, kisha keti utazame. Anajali hata banda lako.

Siku ile nilimwita mke wangu. Akaja na unga mikononi. Nikamfunulia manyoya yale, akayapitisha kidole mara moja, kisha akampakata kuku yule mdogo akaanza kumsemesha kwa Kindali, lugha ya kwao. Mimi ni Mnyiha, sikuelewa yote. Nilisikia tu, mahali pawili, jina la mama yake.