Ndungu na Mamake

Kwenye basi la Ngong Road, mama aliyekaa mbele yangu alimgeukia kijana wa kando yake. Kijana alikuwa na laptop, na Nairobi mwenye laptop huchukuliwa kuwa fundi wa kila kitu.

"Mimi huuza viti hapo Dagoretti Corner," mama alisema. "Nataka websaiti. Iitwe Ndungu na Mamake."

"Hilo ni refu, mama. Weka Viti Bora, wateja watakupata haraka. Kwani Ndungu ni nani?"

"Ni mtoto wangu. Yeye ndiye alikuwa anatengeneza hivyo viti. Tulimzika Aprili."

Kijana alisema pole, akaangalia dirishani kidogo, kisha akarudi kwa kompyuta, maana huko ndiko alikojua njia. Alimweleza kwamba jina la websaiti halinunuliwi likawa lako kabisa, unalikodi tu, sawa na ile nafasi ya kuwekea picha za viti.

"Na kila mwaka watakutumia ujumbe wakikuuliza kama bado unalitaka. Usipojibu, jina wanampatia mtu mwingine. Utachoka, mama. Chukua jina rahisi."

"Wataniuliza kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Kuhusu Ndungu?"

"Kuhusu jina, mama."

Basi lilisimama Dagoretti Corner. Mama aliinuka, akajifunga leso vizuri.

"Andika hilo hilo," alisema. "Wacha waniulize. Hata kanisani siku hizi hakuna mtu huniuliza."