Mashine Arobaini Zilizokosa pa Kuanzia

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha mlinzi, chini ya jengo la kompyuta la chuo, hapa Manizales ambako mvua ikikosa siku moja watu wanaulizana kulikoni. Mimi natengeneza miavuli, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Doña Ofir, muuza kahawa, anatumiminia tinto, kahawa nyeusi ya moto, na Breki, dereva wa basi mstaafu, huegemeza simu yake kwenye chupa ya kahawa tutazame mbio za baiskeli. Picha haikwami tangu Askofu atufanyie mpango. Askofu ndiye mlinzi mwenyewe, jina lake Arnubio; tumempa cheo hicho kwa sababu ya funguo nyingi na sala zisizoisha. Lakini asubuhi ile baiskeli zilipanda mlima peke yao. Mlangoni lilisimama lori, na wapagazi walikuwa wanapakia mashine arobaini za Yesid, kuzirudisha mji mkuu zilikotoka.

Yesid, fundi wa kompyuta, akaja akajitupa benchini, macho mekundu.

— Kunywa, mwanangu, — Doña Ofir akamwambia. — Hiki hulipii.

— Sitaki kitu, mama.

— Kunywa bwana! Hata kulia kunataka nguvu.

Breki hakuweza kuvumilia.

— Hebu tuambie, zilikuwa zinagoma nini hasa?

— Mashine mpya, mzee, haina kitu kichwani. Ukiiwasha inapiga kelele kwenye waya: jamani, mimi ni nani, na nianzie wapi? Seva yangu inatakiwa ijibu: wewe ni namba fulani, na faili la kuanzia ninalo mimi, njoo chukua. Ikishachukua, inajisakinisha yenyewe. Zote arobaini kwa mkupuo.

— Na zikawa hazijibiwi?

— Zinajibiwa! Zinapewa namba, na namba zenyewe zinafanana na zangu. Halafu faili hakuna. Zinakaa tu, zinanitolea macho. Nimeandika usanidi upya mpaka vidole vimekufa ganzi.

— Baridi hiyo, — Breki akaamua. — Basi langu lilikuwa hivyohivyo. Ungezisukuma kidogo.

— Kompyuta unaisukumaje, wewe mzee?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Nikamwambia Breki asituletee vibaba vyake. Kwa maoni yangu lilikuwa jivu la Ruiz, mlima wetu wa volkano. Linaingia kila mahali, hata kwenye miavuli nalikuta.

— Jivu gani lipumzike Jumapili? — Yesid akasema. — Jumapili nilikuja peke yangu, nikawasha kumi kwa majaribio. Zote zikajisakinisha huku nakula arepa yangu, mkate wa mahindi. Nikampigia mkuu wangu simu: tayari, leta wageni. Jumatatu wageni wamejipanga na tai zao, nawasha arobaini, hakuna hata moja. Mkuu alinitazama kama nimemtukania mama yake.

Askofu akaruka.

— Jumapili! Si mnasikia? Chini ya jengo hili kuna kaburi la mtawa. Siku za kazi anasumbua, siku ya Bwana anapumzika.

— Askofu, acha kufuru.

— Basi nyie semeni!

— Mimi nasema, — Breki akainua kidole, — zimetoka mji mkuu, zinakumbuka kwao. Zimegoma makusudi zirudishwe. Mkataa kwao mtumwa!

Tukacheka, Mungu atusamehe. Yesid hakucheka. Doña Ofir akafuta kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

— Na mama yako umeshamwambia?

Mama yake Yesid anakaa mteremkoni, na mwaka juzi mlima uliingia jikoni kwake usiku ukatoka na jiko. Tangu hapo, msimu wa mvua analala na viatu. Mashine zile zilikuwa za kupiga hesabu za mvua na udongo, watu wajue jioni ni mlima gani hautafika asubuhi.

— Nilimwambia mwaka huu atavua viatu, — Yesid akasema. — Juzi kaninunulia keki.

Dereva wa lori akaja, anajipangusa mvua usoni. Akapewa kikombe cha mwisho, chupa ikakoroma.

— Wakuu, waifai ya hapa ni ya nani? Nimwambie mke wangu natoka.

— Yetu! — Breki akajibu kwa maringo. — Neno la siri ni tintobure.

Dereva akabonyeza simu yake, akatabasamu.

— Lo, ina kasi hasa. Mnaivuta kutoka wapi?

Swali dogo kama hilo. Breki akamtazama Askofu. Askofu akatazama funguo zake. Mimi nikaona kazi kwenye mwavuli ambao ulikuwa mzima. Kupitia dirisha la kibanda taa za kijani zilikuwa zinapepesa: ruta ya nyumbani kwa Askofu, waya wake umeingia kwenye tundu la ukutani, tundu la jengo.

Yesid akaweka kikombe chini taratibu.

— Askofu. Jumapili huwa unaiacha hapa?

— Naondoka nayo, — Askofu akasema. — Wasije wakaiba.

— Basi ndiyo iliyokuwa inazijibu kabla ya seva yangu. Namba inagawa, faili haina. — Yesid akainuka, akamshika dereva mkono.

— Kaka, nipe nusu saa. Nachomoa kitu kimoja tu. Nakuomba.

— Pole sana, ndugu yangu. Lori limefungwa, wakubwa wameshasaini. Mkuu wako mwenyewe ndiye wa kwanza.

— Nusu saa!

Dereva akamrudishia Doña Ofir kikombe, akaenda zake. Askofu akaingia kibandani, akang'oa waya kwa mikono miwili. Simu ya Breki ikaganda, mwendesha baiskeli kainua mguu mmoja. Hakuna aliyeigusa. Lori likakata kona likielekea bondeni, na mvua ikakaza.

Yesid alikuwa ameshika simu sikioni.

— Mama? Ni mimi. Hapana, sijambo. Sikiliza, mama. Viatu… usivue.