Birika Huenda Wapi Ijumaa?

Mshonaji alikuwa amefumba macho ndani ya treni kama aliyesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kwa abiria wawili waliomkabili: muuguzi mwenye sare na fundi wa kuchomelea vyuma. Walikuwa hawajuani. Kilichowakutanisha ni katuni ya mtandaoni, ile ya maroboti wanaoishi nyumba moja. Mchoraji wake alikuwa mume wa mshonaji, ingawa mshonaji mwenyewe hakuwahi kuisoma.

"Mimi huyu roboti Birika simwamini," alisema muuguzi. "Anaosha vikombe visafi, anaongea na pazia, haya, ndivyo alivyo. Lakini kila Ijumaa anaaga anakwenda kutiwa mafuta, na akirudi magoti bado yanalia. Ana nyumba nyingine huyo!"

"Usimsingizie, dada," fundi alimjibu. "Yule analiwa na kutu kwa ndani, hataki tu wenzake wajue."

"Nyie wanaume kwa kuteteana!"

Mshonaji akafumbua macho. Vikombe visafi, pazia: huyo alikuwa mumewe mtupu. Na Ijumaa mumewe naye huaga, eti anafuata wino, kisha hurudi mikono mitupu.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, akashindwa kujizuia. "Samahanini jamani. Huyo Birika, mkewe hajamuuliza anakokwenda?"

Wale wawili wakatazamana.

"Kwani ana mke?" muuguzi alishangaa. "Mbona hajachorwa hata siku moja?"

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Kilikuwa kituo chake mshonaji, lakini hakushuka.