Mama Breki Apanda Kutoka Shimoni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Breki anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha ukaguzi wa magari. Aliajiriwa karani wa mapokezi, akachoka kuandika magari asiyoyajua tumbo, akaomba tochi ashuke kwenye shimo la ukaguzi. Kumtoa humo imekuwa kazi hadi leo.

Raha yenyewe ilianza yalipoingia magari madogo ya bei nafuu kutoka China. Magari hayakuwa na neno. Matata walikuwa wenye magari, maana hawatulii mpaka wayaongezee "nguvu". Mmoja alibandika stika ya TURBO, akaapa gari limekuwa jepesi. Mwingine alifunga ekzosi pana kama ndoo: ukilisikia gari unakimbia, ukiliona unacheka.

Bosi wetu naye hakutaka kupitwa. Alinunua kagari kekundu, akakavalisha rimu kubwa, bawa la nyuma na usukani wa mashindano, kisha akakaleta akitaka cheti kabla ya saa nne. Mama Breki alizama chini yake, akaibuka na vumbi puani.

"Bosi, ulichoongeza ni kelele tu. Mfuko wa hewa wa kukukinga umeondoka na usukani wa zamani, na rimu zinasaga mpira unaopitisha mafuta ya breki. Hili linajua kwenda, kusimama halijui."

Cheti hakutoa. Bosi alinuna siku tatu, akaandika barua ya kumhamishia stoo. Mama Breki aliisoma yote, akauliza kama huko kuna feni.

Siku ya nne bosi aliamua kulisogeza gari kivulini. Uwanja wetu una mteremko, na mpira ule wa breki ukapasuka. Tuliokuwa dirishani tulimwona akipita na honi yake, akayavuka maua, akapokewa na rundo la matairi chakavu. Alishuka mzima, bawa mkononi. Kesho yake mkewe alikuwa aende nalo kwa mamake, na mapacha wao nyuma. Hilo lilimjia palepale. Akaketi juu ya tairi, akacheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Barua aliichana mbele yetu.

"Dada yangu," alimwambia Mama Breki, "ungekisaini cheti kile, ningekuja kulia kweli."

Mwezi uliopita Mama Breki alinunua gari lake la kwanza: dogo, jipya, kutoka China. Alilala chini yake siku mbili, mumewe akimpenyezea chai kando ya gurudumu. Hakuliongezea kitu ila zulia la miguuni. Breki zake, anasema, tamu!

Asante, dada yetu, kwa kila "hapana" uliyotuambia. Mtaani wamejaa watu wanaofika kwao salama, wala hawajui kwamba wa kushukuriwa ni wewe. Nenda kwa mwendo wako, ufike kila unakotaka, na uturudie salama kutusalimia.