Vibuyu Sita Vinavyofanana

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, uliyeahirisha misa ya kijiji cha pili ili uwe nasi, wazee wa undugu wa Mtakatifu Petro, mliovaa majoho mazito kwenye jua kama hili, Mwalimu Mkuu na vijana wako wa marimba, Mhandisi Nineth Barrientos, mgeni wa heshima tunayemuaga leo, ndugu wageni waalikwa kutoka mji mkuu, mafundi wenzangu, akina mama, akina baba, na wewe Pío uliyeanza kula kabla ya sala: habari za mchana.

Kwa wasionijua, mimi ni Fidencio Sis, mwenyekiti wa ushirika wa mafundi wa manyanga ya watoto hapa Pamorral. Kamati iliponipa kazi ya kuzungumza, niliandika hotuba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumshukuru Mhandisi. Ya pili ilikuwa ya kumweleza yale tunayomsema akishaondoka na pikipiki yake. Nilikusudia kuchagua moja asubuhi. Asubuhi ilifika sijachagua, nikazitia zote katika mfuko mmoja wa koti, na sasa kurasa zimechanganyika. Kwa hiyo mkinisikia nasifu na kulaumu katika pumzi moja, msidhani nimekunywa. Sijanywa. Sijui tu.

Na hiyo sauti ya kijiko mnayoisikia huko nyuma, ni mtoto wa Tomasa anapiga sahani. Mwacheni apige. Tutamfikia.

Wenyeji mtanivumilia, wageni hawajui mambo yetu. Hapa mtoto akitimiza siku arobaini hupewa kibuyu chake cha kuchezea, chenye mbegu ndani na mpini wa kushikia, kimepakwa rangi kwa mafuta ya mdudu tunayemfuga mitini. Kibuyu hicho hakifanani na kingine chochote. Siyo mapambo hayo, ni lazima. Watoto wawili wakiwa na vibuyu vinavyofanana, mmoja akishikwa na homa, mwenzake atalia kutwa bila sababu, na hakuna mama wa hapa atakayekubali hilo. Kikishakamilika, fundi anauma mpini kwa meno yake mwenyewe, alama ibaki. Kisha mama wa mtoto anauma pembeni, kuonyesha kwamba amekagua na amekubali. Alama mbili za meno, kazi imekwisha. Na kwa miaka hamsini na mbili meno ya fundi mkuu katika kijiji hiki yamekuwa ya dada yangu mkubwa, Casimira Sis, yule pale mwenye shali ya bluu. Dada, nyoosha mkono wakuone. Hasikii vizuri. Mwacheni.

Mimi nina kibuyu alichonitengenezea yeye. Padri huyu alikuwa na chake kabla hajajua kusali. Je, kuna mtu hapa aliyezaliwa Pamorral ambaye hana?

Sasa, miaka mitatu iliyopita akaja Mhandisi na sheria mpya ya usalama wa vitu vya watoto. Alikaa barazani kwa dada, fomu magotini. Dada akamletea uji wa mahindi, naye Mhandisi akasema, "Asante, mama, siruhusiwi kupokea kitu." Dada akashangaa. "Hata uji? Kwani uji nao mnaupima?"

Mhandisi akauliza rangi inanunuliwa wapi. Tukamwambia hainunuliwi, inatoka kwa mdudu.

"Mdudu yupi?"

"Yule wa nyuma ya nyumba ya Pío."

"Fomu inataka jina la kiwanda na anwani."

Pío akadakia, "Andika Pío, mti wa pili ukitokea kisimani."

Naye akaandika! Niliona kwa macho yangu. Nikajiambia, huyu mwanamke ama anatudhihaki ama ni mtu mwaminifu kupita kiasi, na hadi leo sijajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu tukasikia habari ya vipande sita. Sheria ilisema kila aina ya kitu cha mtoto, vipande sita vipelekwe maabara vikavunjwe.

Dada akauliza, "Wavivunje ili iweje?"

"Wajue kama vinavunjika, mama."

"Si wangeniuliza tu? Ukikipiga nyundo kinavunjika."

Ndugu wageni, mtanicheka, lakini sisi tuliposikia vibuyu vyetu vinaenda mji mkuu kutazamwa na wakubwa, tulifanya kama mtu yeyote wa hapa angefanya. Tulichagua sita vilivyo bora kuliko vyote. Kimoja cha ndege, kimoja cha samaki, kimoja cha kanisa la Padri na kengele zake zote. Tulivifunga kwa pamba, tukaweka na maua na barua ya salamu. Baada ya miezi miwili jibu likaja. Wamepokea aina sita, kila aina kipande kimoja, kwa hiyo havitoshi, na vyote vimeharibiwa kwa mujibu wa utaratibu. Maua hawakuyataja.

Nikakaa nikapiga hesabu. Kama kila kibuyu ni aina yake, basi ili kuruhusiwa kutoa kimoja, lazima uvunje sita vya aina hiyo, na chenyewe kipo kimoja tu. Nilihesabu kwa vidole. Nikamwita Mwalimu Mkuu, naye akahesabu, akachora mishale kwenye karatasi, halafu akaenda nyumbani bila kuaga. Mwalimu, sikulaumu.

Ndipo kamati, yaani mimi, ikaenda kumwomba dada atengeneze sita vinavyofanana. "Fidencio, unajua unachoniomba?" Nikasema ni vya kuvunjwa tu, havitashikwa na mtoto. Akakubali kwa sababu yangu. Wiki tatu alifanya kazi amegeuzia uso ukutani, majirani wasimwone. Ndege mwekundu, anatazama kushoto, majani saba. Tena ndege mwekundu, anatazama kushoto, majani saba. Kwenye cha nne nilimkuta ameweka chini kisu chake cha kuchongea, analia. Niliona aibu, nikajifanya nimekuja kuazima kamba.

Vikaenda, vikavunjwa, vikafaulu. Kikaja cheti, namba arobaini na moja, na muhuri. Tulipiga fataki. Meya alihutubia, mnakumbuka. Kisha Mhandisi akakisoma vizuri, nikaona uso wake unabadilika. Cheti kilikuwa cha aina hiyo tu. Ndege mwekundu, kushoto, majani saba. Vyote atakavyotengeneza lazima vifanane na hicho, kingine chochote ni marufuku.

Dada akauliza, "Kuuza marufuku. Kugawa je?"

"Hata kugawa, mama. Sheria inasema kuuza, kugawa, au kutoa kwa njia yoyote."

Kwa hiyo serikali imemruhusu dada yangu kutengeneza kitu kimoja tu duniani, na ndicho hicho inachomkataza mila. Nani hapa anaweza kunieleza hilo? Mheshimiwa Meya? Baba Padri? Mimi ni mwenyekiti na sielewi. Dada alikitundika kisu chake ukutani mwezi Februari, sisi mafundi wengine tukamfuata, na tangu siku hiyo watoto watano wamezaliwa Pamorral mikono mitupu. Wa kwanza ni wa Tomasa. Ana miezi mitano sasa, na ndiyo maana anapiga kijiko.

Ukurasa huu unaofuata sijui umetoka katika hotuba ipi.

Katika kuipinga sheria hii, nani alipiga kelele kuliko mimi? Niliwaambia wanawake wajifunge minyororo kwenye mlango wa ofisi ya Meya. Tena minyororo niliileta mimi. Lakini vibuyu vyangu navyo vilipelekwa maabara, na nitawaambia leo jambo ambalo ni watu wanne tu wanalijua. Mafuta ya mdudu yanachukua siku nyingi kukauka. Mimi nilikuwa nimeacha kuyatumia miaka miwili. Nilikuwa nanunua mnadani rangi inayong'aa, kwenye mkebe usio na jina. Na meno nilikuwa nauma, ndiyo, nauma na kutema haraka kwa sababu ilikuwa chungu, na sikujiuliza kwa nini ni chungu. Maabara wakakuta ndani yake madini ya risasi, mengi, ya kudhuru ubongo wa mtoto.

Mhandisi hakutuma barua. Alikuja mwenyewe, akaketi kizingitini kwangu. "Mzee Fidencio," akasema, "mjukuu wako ana umri gani?"

Nikamwambia miezi kumi na moja.

"Kibuyu chake ulitengeneza wewe?"

Mjukuu wangu Yesenia alikuwa nacho mkekani, mpini wote mdomoni.

Siku ileile alitafuta gari, akatupeleka hospitali ya mkoa mtoto apimwe damu. Njia nzima alimpakata yeye. Yesenia alitibiwa miezi mitatu. Leo mzima, ndiye huyo anayemvuta mkia mbwa wa Padri. Na tuliporudi siku ile, mbele ya mlango wangu, mnajua nilimwambia nini Mhandisi? Nilimwambia gari lina vumbi. Hilo ndilo neno lililonitoka. Mhandisi Nineth, imepita miaka miwili. Asante. Asante kwa mtoto wangu.

Basi niambieni, nifanyeje na sheria hii? Imenikamata mimi kwa haki, na imemkamata dada yangu bila kosa lolote, na ni karatasi moja, aya moja, saini moja. Nikiilaani namkumbuka Yesenia. Nikiisifu namwona dada ameelekea ukutani. Nilimuuliza Mhandisi mwenyewe wiki iliyopita, nikidhani msomi atakuwa na jibu. Akasema, "Mzee Fidencio, hata mimi sijui. Nimewaandikia wakubwa barua kumi na moja kuhusu dada yako. Wamejibu moja tu."

"Wamesema nini?"

"Wanaomba anwani kamili ya mdudu."

Sasa anahamishiwa bandarini, kwa mama yake, na kama macho yenu yanaona, haendi peke yake, amebakiza miezi miwili ajifungue. Na hapa, ndugu zangu, kurasa zimeniishia, za hotuba zote mbili, kwa sababu lililotokea leo asubuhi halimo popote.

Leo asubuhi dada alinijia na kitu ndani ya kitambaa. Kibuyu. Cha kwanza tangu Februari. Nikamwambia, "Dada, hili ni kosa. Tena unampa nani? Unampa sheria yenyewe!"

Akasema, "Mtoto wa mtu hawezi kutoka Pamorral mikono mitupu. Kama ni kosa, aniambie yeye, mbele za watu."

Mhandisi, ndicho hiki. Hakina cheti. Kina sungura wa njano anayeruka ua la kijani, na sijawahi kuona kinachofanana nacho. Alama ya meno ya dada iko hapa. Ukikikataa hatutakulaumu, uji ulikataa tukaendelea kuishi. Lakini nitakuwa mwongo nikisema haitamuuma. Ukikikataa leo, kisu kile hakitashuka tena ukutani, najua, ni dada yangu.

Naona umesimama. Vijana wa marimba, tulieni. Pío, shusha hiyo sahani.

Amekipokea. Anakitazama chini, pale penye kizibo cha kuzuia mbegu, kama anavyofanya siku zote. Anavuta mpini. Anatikisa. Anauliza... ngojeni, anauliza kama ni mafuta ya mdudu. Ndiyo, Mhandisi. Wa Pío, mti wa pili ukitokea kisimani.

Ameuma.

Jamani, ameuma. Hapa pembeni ya alama ya dada, mnaiona?

Nini, dada? Hajasema kitu. Nasema hajasema kitu, ameuma! Ndiyo, kwa nguvu. Alama inaonekana. Nini? Haya, nitawaambia.

Mheshimiwa Meya, usiniulize kama hiyo ni ruhusa au ni kwaheri. Sijui kama sheria imebadilika, naamini haijabadilika. Sijui kama kesho atakuja mwingine na fomu zilezile. Nilipanda hapa nimechanganyikiwa na nashuka nimechanganyikiwa zaidi, ila sasa nalia pia, na mtanisamehe kwa hilo. Asanteni wote kwa kunivumilia mpaka hapa. Na wewe Tomasa, huko nyuma, mnyang'anye huyo mtoto kijiko. Dada anasema uje kesho asubuhi, na uje na meno yako.