Mtihani wa Magimbi wa Dokta Sieni

Waheshimiwa machifu mlioketi mbele, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mchungaji, Dokta Sieni Leavasa unayestaafu leo, wazazi, wanafunzi wenzangu, na nyinyi wa kule nyuma mliokwisha kumzunguka nguruwe wa kuoka:

Mimi ni Lomitusi. Katika Samoa nzima hajazaliwa bwana shamba wa kunishinda. Nikikohoa tu, magimbi yanajipanga mstari. Shule niliiacha katikati, ndiyo, cheka tu, Iakopo, lakini cheti cha kilimo cha chuo hiki ninacho, na wewe bado unarudia mwaka!

Nilikipataje? Muulizeni huyu mama. Wahadhiri wengine walitunga maswali asubuhi ya mtihani, tukakariri, tukasahau. Dokta Sieni alianzia mwisho: hawa wakitoka hapa watafanya kazi gani? Watawashauri machifu juu ya mashamba yao. Basi akaamua mtihani uwe shambani, mbele ya chifu, na atakayepata sifuri nafasi yake chuoni imekwisha.

Tukaenda. Chifu Fiso, upo hapa, ulisimama kwenye magimbi yenye madoa ya ukungu, ukasema kama mlivyopatana na Dokta: "Haya yanakauka kwa jua. Au siyo, kijana?" Tulitakiwa tukukosoe. Binamu yangu Fetuao, aliyeujua ugonjwa ule kwa harufu tu, akainamisha kichwa: "Ndiyo, chifu." Nikafuata mimi, bingwa wenu: "Ndiyo, chifu. Jua kali mno." Na mvua ilikuwa inatunyeshea! Darasa zima, sifuri.

Dokta akafoka, "Mmelishwa nini leo?"

Chifu akamwuliza, "Mama, wewe ungenibishia nimesimama hivi, watu wanatazama?"

Dokta akalifunga daftari lake la alama. "Hapana," akasema.

Hapo ndipo nilipojua huyu ni mhadhiri kweli. Ni wangapi kati yenu, wakubwa, mmewahi kuulaumu mtihani badala ya mwanafunzi? Yeye aliulaumu wake: ulipima adabu ukidhani unapima kilimo.

Akaupanga upya. Tukafundishwa kwanza namna ya kumkosoa mkubwa: unaketi mkekani, unamtaja kwa heshima zake, unaomba ruhusa, ndipo unasema. Tukafanya mazoezi yasiyo na alama. Tukaelezwa mapema alama zinatoka wapi. Siku ya marudio nikamsifu Chifu Fiso mpaka akaguna, "Inatosha, wewe! Taja ugonjwa!" Nikautaja, na dawa yake. Yale mashamba ya bondeni mnayoyaona yamestawi ndiyo majibu yetu. Nani mwingine anakula karatasi yake ya mtihani kwa tui la nazi?

Dokta Sieni, asante. Umetufanya watu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu, ila msipige makofi bado.

Jambo moja liliharibika kweli. Mtihani ulipangwa mapema, marudio hayakuwamo katika mpango wa kwanza. Sifuri zilibandikwa ukutani Ijumaa ileile, na ruhusa ya kurudia ikachelewa ofisini. Fetuao hakungoja. Alipanda ndege kwenda kuchuma matunda New Zealand, akiamini kwamba hajui kitu. Nilimpigia simu: "Rudi, kaka, mtihani ndio uliokosea, siyo wewe." Akacheka. "Unasema hivyo kwa sababu umefaulu, Lomi."

Hajarudi. Kwa haki, mimi ningekuwa wa pili darasani, nyuma yake. Leo mmenitangaza wa kwanza.